Pishi ya Fitra ni Kilo Ngapi? Maneno Juu ya Kupima na Kukadiria

Kila ufikapo mwezi wa Ramadhani hutujia swali moja, na mwaka hadi mwaka halibadiliki ila kwa ukali wake. Muulizaji husema: mimi nilifunzwa na wazee wangu kwamba fitra ni pishi moja, na nikaambiwa kwamba pishi ni kilo mbili na nusu. Kisha nikasoma kwa shekhe mmoja kwamba ni kilo mbili na gramu 40. Kisha nikasikia kwa wengine kwamba ni kilo tatu. Basi ni nani aliyesema kweli, na fitra zangu za miaka iliyopita zina hukumu gani?

Huyu ameuliza, na kuuliza ni sifa njema. Wako wasiouliza. Mmoja huchukua kadiri iliyo ndogo, akasema dini ni nyepesi, akaenda zake. Mwingine huichukua tofauti hii akaifanya silaha. Husema, ikiwa watu wa dini hawawezi kukubaliana juu ya kipimo kimoja cha mchele, sisi tutawaamini vipi katika yaliyo makubwa kuliko hayo? Maneno haya tumeyasikia barazani kwa masikio yetu, na yametoka katika vinywa vya vijana waliosoma skuli, ambao sisi tulidhani wao ndio wangekuwa wa mwisho kuyasema. Kwani aliyefunzwa ilimu ya maumbile hata kidogo, jambo la awali analofunzwa ni kwamba hapana kipimo chochote duniani kisichokuwa na tofauti ndani yake, na kwamba anayekuletea kipimo bila ya kukwambia huenda kikazidi au kupungua kwa kiasi gani, amekuletea nusu ya habari. Maulamaa wetu waliijua kanuni hii zamani, waliiandika katika vitabu vya fiqhi, na waliitolea hukumu. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo, kwa kadiri ya ukurasa wetu.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba swaa aliyoiamrisha Mtume (s.a.w.) katika fitra ni kipimo cha kujaza, si kipimo cha mizani. Swaa moja ni mudi nne, na mudi moja wameifasiri kuwa ni mjao wa viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa kadiri, asiyekuwa na mikono mikubwa wala midogo. Hapa pwani wazee wetu walikuwa na pishi yenye vibaba vinne, wakaiweka mahali pa swaa yenye mudi nne, na mambo yakaenda hivyo kwa karne nyingi pasi na mtu kutaja kilo, kwa kuwa kilo haikuwapo.

Ugomvi umekuja pale chombo kilipotiwa juu ya mizani. Ukijaza chombo kimoja ngano, kisha ukakijaza mchele, kisha ukakijaza unga, mizani itakupa jawabu tatu. Unga ni mwepesi kwa kuwa una hewa nyingi ndani yake, na unga huo huo ukikigonga chombo mara tatu juu ya meza hushuka, ukapata nafasi ya kutia mwingine, na uzani ukazidi. Tende ndizo zaidi, kwani tende zilizoshindiliwa na tende zilizomiminwa ni kama vitu viwili mbalimbali. Na mchele wenyewe haufanani: uliokaa ghalani wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa, na uliokauka hupungua. Basi mwenye kuuliza swaa ni kilo ngapi ameuliza swali lisilo na jawabu moja, mpaka aseme swaa ya kitu gani, kilichojazwa vipi, na kikapimwa kwa nini.

Na hizo jawabu mbili zilizomtatiza ndugu yetu, kila moja ina njia iliyopitia. Shekhe Muhammad bin Saleh al-Uthaymin, aliyefariki 2001, alipita njia ya sarafu. Swaa katika hisabu ya kale ni mithkali 480 za ngano nzuri, na mithkali moja ni gramu 4 na robo. Ukizidisha utapata gramu 2,040, yaani kilo mbili na gramu 40. Lakini tazama alivyoendelea, kwani wengi hulinukuu neno lake la kwanza wakaliacha la pili. Alisema kwamba mwenye kutaka kuijua swaa apime uzani huo wa ngano nzuri, autie katika chombo kitakachojaa sawasawa, kisha achukue chombo hicho ndicho apimie fitra yake. Hakusema kwamba kila kitu ni kilo mbili na gramu 40. Aliitumia mizani kukipata chombo, kisha akairudisha mizani mahali pake.

Ama Shekhe Abdulaziz bin Baz, aliyefariki 1999, yeye alipita njia ya mikono: viganja viwili vya mtu wa kadiri, vilivyojaa, mara nne, na akakadiria kwamba hiyo ni takriban kilo tatu. Basi mmoja ametoka kwenye dinari, na mwingine ametoka kwenye mikono. Mikono ya watu hutofautiana, na kujaa nako kuna kujaa na kujaa. Na dinari za kale nazo, zinapopimwa leo, hazilingani zote. Baina ya jawabu hizi mbili pana gramu 960, wala si kidogo. Lakini hiyo ni tofauti ya njia za kupima, na hapana katika mashekhe hawa wawili aliyemkadhibisha mwenziwe.

Sasa na tuirudie habari ya zamani zaidi, ambayo sisi twaona kwamba ingepasa kusomeshwa katika skuli pamoja na habari za wanachuoni wa Ulaya. Imam Abu Hanifa alikuwa akisema kwamba swaa ni ratili nane, na mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyefariki 182 Hijria, sawa na 798, alikuwa pamoja naye katika kauli hiyo. Abu Yusuf alipofika Madina aliwauliza watu wa huko juu ya swaa, wakamwambia kwamba swaa yao ndiyo swaa ya Mtume. Yeye hakulikubali neno hilo kwa heshima ya mji tu, aliwataka dalili. Wakamwambia watamletea kesho yake. Kulipokucha, kama ilivyopokewa na al-Bayhaqi, walimjia wazee wapatao hamsini katika watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na swaa yake chini ya shuka yake, na kila mmoja akieleza kwamba ameipokea kwa babake au kwa watu wa nyumba yake. Akazitazama akaziona ni sawa. Akapima, akapata ratili tano na thuluthi moja, pamoja na upungufu mchache. Akaona kwamba jambo hili lina nguvu, akaiacha kauli ya mwalimu wake katika mas-ala haya.

Katika kisa hiki mna mafunzo mengi kwa wale wanaoona kwamba kumfuata mwalimu ni kuyafumba macho. Lakini sisi leo twataka mawili tu. La kwanza ni lile neno la mwisho: pamoja na upungufu mchache. Abu Yusuf angeweza kusema ratili tano na thuluthi akanyamaza, na nani angemuuliza? Lakini aliiona sindano ya mizani haikutua pale hasa, akasema. Huo ndio uaminifu wa mwenye kupima, nao ulikuwapo Madina karne nyingi kabla ya skuli zetu. La pili ni ile hesabu ya wazee hamsini, nayo tutairudia mbele, kwa kuwa hatuwezi kuifahamu vyema mpaka tufanye jaribio dogo.

Msomaji na achukue kibaba kimoja cha bati, mchele wa gunia moja, na mizani ya jikoni. Akijaze kibaba, akifute juu kwa kipande cha ubao kiwe kibaba cha mfuto wala si kibaba cha tele, aumimine mchele juu ya mizani, na aandike uzani wake. Kisha aurudishe mchele, afanye tena, mara tano. Tuseme amepata gramu 614, kisha 608, kisha 620, kisha 611, kisha 617. Chombo ni kile kile, mchele ni ule ule, mkono ni ule ule, na hapana aliyeiba. Kilichobadilika ni namna punje zilivyolala, na mtikiso wa mkono, na ule ubao ulivyopita. Akijumlisha atapata 3,070, na akigawanya kwa tano atapata 614. Basi akiulizwa, jawabu ya haki ni kusema: kibaba hiki cha mchele huu ni gramu 614, na huenda kikazidi au kikapungua gramu sita hivi. Na mwenzake aliyepima mara moja, akapata 620, akasimama mbele za watu akaapa kwamba ni 620 wala haipungui punje, huyo anadhani kwamba amesema kwa yakini zaidi, hali amesema kwa ujinga zaidi.

Tofauti ya namna hii, inayokwenda huku na huku, ina tabia moja njema: hujifidia yenyewe. Ukipima mara nyingi, zilizozidi huzibeba zilizopungua, na wastani wake ukatulia. Wana hisabu wameithibitisha kanuni yake: mwenye kupima mara nne huwa tashwishi ya wastani wake imepungua ikawa nusu, na mwenye kupima mara 100 ikawa fungu moja katika kumi. Kwa ajili hii mwenye nyumba anayepima pishi za watu wanane wa nyumbani kwake hana haja ya kuhesabu punje moja moja na kurudia kipimo mara tatu tatu mpaka usiku uishe. Hiyo ni wasiwasi, na wasiwasi ni maradhi.

Lakini liko kosa la pili, nalo halina tabia hiyo njema hata kidogo. Tuseme kopo la kupimia fitra katika mtaa fulani limebonyea kitakoni, au limekatwa mdomo kwa ajili ya kutu, likawa lapungua fungu moja katika kumi. Kopo hilo ndilo apimialo kila mtu wa mtaa ule. Wakatoa fitra za watu 100. Waonavyo wao, zimetoka pishi 100. Kwa hakika zimetoka pishi 90. Pishi kumi, yaani fitra za watu kumi, hazikumfikia maskini, na kila mtu amelala na moyo wake umetulia. Hapa kupima mara 100 hakukufaa kitu. Hata ukipima mara 1,000, kila mara kopo litakupa uongo ule ule. Na lililo baya zaidi ni kwamba vipimo vyenyewe kwa vyenyewe vitakubaliana vizuri sana, gramu kwa gramu, na mtazamaji atasema: tazama, vimelingana, basi ni sahihi! Kulingana kwake ni kwa sababu chombo ni kimoja.

Na sasa ndipo tunapowarudia wale wazee hamsini. Lau Abu Yusuf angeletewa swaa moja, akaijaza mara hamsini, asingepata zaidi ya kujua kwamba swaa ile yafanana na nafsi yake. Yeye aliletewa swaa hamsini kutoka nyumba mbalimbali, kila moja imerithiwa kwa njia yake. Kama moja imebonyea, nyingine haikubonyea. Kama baba wa mmoja alighafilika, baba wa mwingine hakughafilika. Na haielekei hata kidogo kwamba nyumba hamsini zote zimekosea kiasi kimoja, upande mmoja. Ndiyo maana akaona kwamba jambo lina nguvu. Na kila mwenye kusoma ilimu ya hadithi atatambua kwamba hii ndiyo hoja ile ile inayotofautisha baina ya habari iliyokuja kwa njia nyingi na habari ya mtu mmoja iliyokaririwa mara nyingi.

Dawa ya kosa linaloegemea upande mmoja, basi, ni kupima kwa chombo kingine ambacho hakikutoka pale kilipotoka cha kwanza. Mfano wake ni kibla. Kutoka Mombasa, Makka iko yapata kaskazini sawasawa, na mtu huweza kuchukua dira akaitazama. Lakini akiitazama ndani ya jengo lililojaa nondo za chuma, sindano huvutwa, na dira kumi zitakazowekwa pale pale huweza kukubaliana zote katika upotevu mmoja. Basi na atoke nje, aingoje tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, au tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27 mchana (na katika mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29, huwa siku moja kabla). Katika nyakati hizo jua huwa juu ya Al-Kaaba, na saa za Makka na saa zetu ni moja. Asimamishe fimbo iliyonyooka juu ya ardhi sawa, na upande lilipo jua, kinyume cha kivuli, ndipo kilipo kibla. Jua halijui habari za nondo.

Mtu huenda akadhani kwamba udhaifu huu ni wetu sisi wa vibaba na makopo, na kwamba wenye mitambo wamekwisha kuokoka. Na asome habari ya kilo yenyewe. Tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande kimoja cha madini ya platinamu na iridiamu, kilichowekwa Sèvres, karibu na Paris, ndani ya makuba ya kioo. Kilifanyiwa ndugu zake wa kulingana nacho, wakagawiwa mataifa. Walipokuja kupimanishwa baada ya miaka mingi, ilionekana kwamba hawalingani tena. Katika muda wa kadiri ya miaka 100 zilikuwa zimetengana kwa kiasi cha mafungu 50 ya milioni ya gramu. Ni kitu kidogo mno, hata chembe ya vumbi yaweza kukizidi. Lakini hapana aliyeweza kusema ni kile cha Paris kilichopungua au ni wale ndugu zake waliozidi, kwa kuwa kile cha Paris ndicho kilichokuwa kilo, na kilo haiwezi kupungua kilo. Mwisho, tarehe 20 Mei 2019, wataalamu waliiacha kawaida ya kipande, wakaifungamanisha kilo na kadiri moja ya maumbile iitwayo kadiri ya Planck, ambayo haikai kabatini wala haifutwi vumbi. Twaitaja habari hii kwa ajili ya wale vijana wa barazani. Wanachuoni wale hawakuona haya kuitangaza tashwishi yao, wala hapana aliyesema kwamba kwa kuwa kilo imetikisika basi ilimu ya maumbile ni uongo.

Fiqhi yetu ya Kishafii imeyapa mambo haya majina yake. Kadiri ambayo sheria imesamehe ndani yake kuzidi na kupungua kidogo huitwa ya taqribu, na ile isiyosamehewa huitwa ya tahdidi. Maji ya kulateni, kwa mfano, ni ratili 500 za Baghdad kwa taqribu, na yakipungua ratili moja au mbili hayadhuru. Na katika hiyo ratili ya Baghdad, mashekhe wawili wakubwa wa madhehebu walikhitilafiana: ar-Rafii, aliyefariki 1226, aliisema kuwa ni dirhamu 130, na an-Nawawi, aliyefariki 1277, aliisema kuwa ni dirhamu 128 na subui nne. Basi swaa kwa mmoja ikawa dirhamu 693 na thuluthi, na kwa mwingine 685 na subui tano. Tofauti haifiki dirhamu nane, kama moja katika mia. Na an-Nawawi hakukoma hapo. Alieleza kwamba kuikadiria swaa kwa ratili kuna mushkili, kwa kuwa uzani hugeuka kwa kugeuka kitu kinachopimwa. Kwamba mategemeo ni juu ya chombo. Na kwamba asiyekuwa na chombo na atoe kadiri ambayo ana yakini kwamba haipungui swaa. Tunawaomba wasomaji walishike neno hili la mwisho.

Kwani mas-ala ya dhahabu yamekuja kinyume chake, na mwenye kuyaweka mawili haya pamoja ndiye atakayefahamu. Nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, nazo kwa hisabu ya leo ni kama gramu 85. Tuseme mwanamke ana dhahabu asiyoivaa, akaipeleka kwa sonara, mizani ikasema gramu 85 na zaidi kidogo. Akaipeleka kwa sonara wa pili, mizani ikasema haifiki. Je, zaka imemlazimu? Maulamaa wetu waliliuliza swali hili hasa, dhahabu iliyotimia katika mizani moja ikapungua katika nyingine, na kauli iliyo sahihi katika madhehebu ni kwamba haikumlazimu, kwa kuwa nisabu imeingiwa na shaka.

Mtu atasema: mbona katika mchele mmetwambia shaka ikiingia tuzidishe, na katika dhahabu shaka ikiingia hapalazimu kitu? Twajibu kwamba kanuni ni moja, nayo ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Katika fitra, yakini ni kwamba deni liko shingoni mwako, na shaka ni kama umelilipa lote. Basi deni hubaki mpaka uwe na yakini ya kulilipa. Katika dhahabu, yakini ni kwamba hukuwa na deni, na shaka ni kama limeanza; basi halianzi kwa shaka. Mizani zilizotofautiana ni zile zile, na tashwishi yake ni ile ile. Lakini sheria imetazama mzigo uko upande gani, ikaamua. Hii ndiyo ilimu ya kufanya kazi na kipimo kisichotimia, na sisi twaona kwamba hapa mafakihi walifika mbali. Ila na atahadhari mwenye kuzunguka kwa masonara watano akitafuta mizani iliyo nyepesi. Huyo hakuingiwa na shaka. Ameifuata shaka mpaka nyumbani kwake. Na mizani mpya zinazoandika kwa tarakimu zisimhadae, kwani kuandika gramu 85.03 si kuijua hiyo 3. Kioo huonyesha tarakimu kadiri alivyotaka fundi aliyekiunda.

Imebaki habari ya soko, nasi tutaisema kwa ufupi kwa kuwa wenyewe wanaijua kuliko sisi. Neno tatfifu, lililopewa jina sura ya 83 ya Qur'ani, asili yake ni kitu kidogo, duni, kisichojaliwa. Wanaoonywa mle si wenye kupora ghala. Ni wenye kupunguza kidogo kidogo wanapowapimia watu, na kujitimizia wao wanapopimiwa. Angalia kwamba sifa yao ni upande. Mfanyabiashara ambaye mizani yake leo yazidi na kesho yapungua huyo amepima kama wanavyopima binadamu. Lakini mizani iliyoegemea, naye ajua kuwa imeegemea, akaiacha kwa kuwa imemwegemea yeye, hiyo siyo tofauti ya kipimo tena. Sisi tumeishi mjini miaka mingi, na tumesikia habari za mizani nyingi zilizoharibika kwa uzee na kutu, lakini hatujabahatika kusikia habari ya hata moja iliyoharibika kwa kumpa mnunuzi zaidi. Kutu ya mji huu yajua kuchagua! Na Mtume (s.a.w.), alipomkuta mwenye kuwapimia watu sokoni kwa ujira, alimwamrisha apime na aiache mizani ielemee kwa mwenye kupokea. Kwa kuwa kulingana sawasawa hakupatikani, tashwishi na ibebwe na mwenye kutoa.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Chombo kinachojaa kilo mbili na gramu 40 za ngano nzuri, ukikijaza mchele mweupe, uzani wake hukaribia huo au hupita kidogo. Basi aliyetoa kilo mbili na nusu za mchele amekizidi chombo hicho, na kuzidi huko ndiko kunakofunika tashwishi ya mizani na ya punje. Sisi hatuoni kwamba adaiwa kitu kwa miaka iliyopita, na mwenye kuona vingine katika maulamaa na atufahamishe. Mwenye nafasi akitoa kilo tatu, amezitimiza njia zote mbili, ya dinari na ya mikono, na hiyo ndiyo tuipendayo kwa wenye uwezo. Ama aliyepimia kopo, asiulize ni kilo ngapi kabla ya kulitazama kopo. Na apime ngano kilo mbili na gramu 40 kwa mizani mbili za maduka mawili yasiyokuwa ya mtu mmoja, aitie mle, aone kama kopo lajaa kabla ngano haijaisha. Kazi hii yafaa ifanywe katika kila msikiti unaokusanya fitra, kabla ya kumi la mwisho halijaingia, mbele ya watu watatu au wanne, na kopo lililosahihi litiwe alama. Na kopo litakaloonekana limepungua lisitupwe jalalani, ambako mwingine ataliokota akaenda kulipimia sokoni, litobolewe kwanza.